Ulimwengu wa kubuni kwa mchezo wa maandishi wa wachezaji wengi: tuanzie kwenye ramani au kwenye sheria?

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Sisi ni kikundi cha marafiki waliotawanyika kati ya Kisumu, Kakamega na Nakuru, na tumekubaliana kutengeneza mchezo wa kompyuta ambao hauna picha hata moja: mchezaji anasoma maelezo ya mahali alipo, anaandika anachotaka kufanya, na papo hapo anakutana na wachezaji wengine walioingia kutoka kwingineko. Lugha yake itakuwa Kiswahili. Tunataka ulimwengu wa kuchangamsha, wenye mitambo na sayansi yake, lakini usioona haya kuichanganya sayansi hiyo na visa tulivyosimuliwa na nyanya zetu.

Mawazo hayajatupungukia. Mmoja wetu amependekeza kwamba Ziwa Victoria limepaa na sasa linaning'inia juu ya mji, hivyo wavuvi wa omena hutupa nyavu zao kuelekea juu. Mwingine anataka reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 iwe haikukomea ziwani bali iliendelea hadi mwezini. Wa tatu ameleta kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake, naye anataka kivuli kiwe nishati inayoendesha kila mtambo. Kila wazo linapendeza likiwa peke yake, lakini yakikutanishwa yanagongana. Ziwa likiwa juu litakinga jua, na jua likikingwa, vivuli vitatoka wapi?

Baadhi yetu wanasema tuchore ramani kwanza na kugawana maeneo, kila mtu awe na uhuru kamili katika eneo lake. Mimi nahofia kwamba tutaishia na hadithi nyingi zilizopakana, ambazo mchezaji atazivuka bila kuhisi kwamba yumo katika ulimwengu mmoja. Ningeshukuru kusikia kutoka kwa yeyote aliyeshiriki kazi ya namna hii au aliyeifikiria kwa makini.

Binti Menengai (Nakuru)

Ndugu Mvuvi, hofu yako ina msingi. Iacheni ramani kwa sasa, mchague ajabu moja iwe sheria ya maumbile ya ulimwengu wenu, kisha mjiulize sheria hiyo inamnufaisha nani, inamnyima nani, na inakwama lini. Kati ya mawazo matatu uliyoyataja, la kivuli ndilo lenye rutuba kuliko mengine, kwa sababu kivuli tayari kina tabia zake ambazo hamhitaji kuzibuni.

Tazama mlipo. Kisumu imekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo katika siku za karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la mchana hupita utosini, na kivuli cha mtu aliyesimama hujikunyata chini ya nyayo zake. Jambo hilo halitokei saa sita kamili, maana saa ya Kenya inafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki ilhali Kisumu iko magharibi ya mstari huo. Mwezi Machi hutokea yapata saa saba kasorobo. Iwapo kivuli ndicho nishati, basi mara mbili kwa mwaka mji mzima unazimika kwa muda mfupi: vivuko vinasimama katikati ya maji, milango ya hazina haifungiki, na mwizi aliyejiandaa tangu msimu uliopita anapata nafasi yake. Mmeshapata sikukuu, hatari na kisa, na vyote vimetoka kwenye jua lenyewe. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini, kwa hiyo hata upande wa barabara wenye mali unabadilika kwa majira. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kivuli hulingana na urefu wa kitu chenyewe, na hapo mnaweza kuweka bei ya kawaida sokoni.

Sasa waingizeni wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hazifui dafu, hivyo usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Katika ulimwengu wenu, mwezi mpevu utawapa wachuuzi wa vivuli mavuno ya usiku huku wavuvi wakikaa bure. Mwezi ukitoweka, wavuvi watawasha taa zao na wachuuzi watalazimika kuwaomba nafasi mashuani ili wavune vivuli vinavyotupwa na taa hizo. Hizo ni pande mbili zinazoshindana na kuhitajiana, wala hakuna hata mmoja ulio mwovu, jambo ambalo nalipenda sana katika mchezo wa watu wengi.

Ziwa la angani ningeliacha. Maajabu mawili makubwa yakikaa pamoja, mchezaji hajui atarajie nini, na asiyeweza kutarajia hawezi kupanga hila. Reli ya mwezini inaweza kubaki, mradi treni yenyewe iendeshwe kwa kivuli.

Mwalimu wa Shinyalu (Kakamega)

Nakubaliana na dada kuhusu sheria moja, ila aliyeleta ziwa asinyang'anywe wazo lake. Wanasayansi waliochunguza mashapo ya chini ya Ziwa Victoria wameonyesha kwamba lilikauka zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Basi watu wa kisiwa kimoja katika mchezo waamini kwamba wakati ule maji yalipanda juu na kwamba siku moja yatapanda tena. Wawe na mashua zilizotengenezwa kichwa chini zikisubiri siku hiyo. Wazo litabaki hai kama imani ya watu, wala halitavunja sheria ya kivuli, na mwenyewe ataona kwamba amesikilizwa. Katika kazi ya pamoja hilo lina uzito sawa na mantiki ya ulimwengu.

Swali la nani aruhusiwe kujenga limekuwapo tangu zamani katika michezo hii. Mchezo wa MUD ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha Richard Bartle akauendeleza. Mwaka 1989 James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alitoa TinyMUD, ambamo mchezaji wa kawaida aliweza kuongeza vyumba kwa kulipa senti za mchezo, na vyumba vikamiminika. LambdaMOO, ambayo Pavel Curtis aliianzisha mwaka 1990, ilikuwa na nyumba moja kama kiini chake; wajenzi walipozidi, ikaundwa bodi ya wachezaji ya kuamua nani aongezewe nafasi ya kujenga. Mimi ningefuata njia ya malipo, lakini malipo yawe kivuli. Anayejenga jumba kubwa apungukiwe na kivuli chake, na upungufu huo uonekane katika maelezo yake mbele ya kila anayekutana naye, mpaka wengine watakapolitembelea jumba lake na kumrudishia kidogo kidogo. Kwa njia hiyo vyumba visivyotembelewa vitamgharimu mjenzi wake, na hamtahitaji bodi mapema.

Nina nyongeza moja kutoka upande wetu wa magharibi. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, tembo huingia gizani na kukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Jambo hilo ni la kweli. Fanyeni hivi: kivuli kilichovunwa huoza upesi kama samaki asiyetiwa chumvi, na chumvi pekee inayokihifadhi ni ya tembo hao. Hawapokei fedha. Hukubali tu kuletewa habari za mjini na kusomewa kwa sauti, na habari ileile haipokewi mara mbili. Mchezaji atalazimika kuandika yaliyotokea kweli ndani ya mchezo, na mtapata historia ya ulimwengu wenu iliyoandikwa na wachezaji wenyewe.

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Mwalimu, dada, nawashukuru kwa dhati. Nimewasomea wenzangu majibu yenu, na mwenye ziwa ameanza kuandika kuhusu mashua zile akiwa na furaha isiyofichika. Kuna jambo moja linalotutatiza. Usiku wenyewe ni kivuli cha dunia. Tukiruhusu uvunwe, nishati itakuwa bure kwa kila mtu kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, na soko lote litaanguka.

Binti Menengai (Nakuru)

Wekeni sharti kwamba kivuli hakivuniki ila pale ambapo ukingo wake unaonekana, kwa sababu mvunaji hukikunja kuanzia ukingoni. Giza la pangoni halina ukingo, na mtu aliyezama ndani ya usiku hauoni ukingo wa usiku. Mahali pekee ambapo ukingo wa kivuli cha dunia huonekana waziwazi ni juu ya mwezi unapopatwa. Hiyo ndiyo sababu ya reli yenu kujengwa, na ndiyo sababu kila kampuni ya vivuli inagombea viti vya treni usiku huo.

Fundi wa Seva (Kisumu)

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, nami niko tayari kusaidia. Tumieni Evennia, programu huria ya kutengenezea michezo ya maandishi ya wachezaji wengi, iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Mchezaji anaweza kuingia kwa kivinjari cha kawaida, na kwa kuwa maelezo yenye herufi 1,000 ni takriban kilobaiti moja tu, hata mwenye bando dogo atacheza jioni nzima. Urefu wa kivuli utakokotolewa kutokana na pembe ya jua, na kupatwa kwa mwezi kutapangwa kwenye kalenda ya mchezo.

Kazi kubwa itakuwa amri. Programu nyingi za aina hii hutarajia kitenzi kisimame kando na jina la kitu, ilhali sisi huandika "ichukue" au "kivune". Kila kitu katika mchezo itabidi kiandikwe pamoja na ngeli yake. Faida yake ni kubwa: mchezaji mwenye taa na kivuli mbele yake akiandika "kivune", programu haitahitaji kumuuliza anakusudia kipi.

Naomba mniletee kwanza maelezo ya bandari ya Kisumu katika hali tatu, kivuli kikiwa kirefu, kikiwa kifupi na kikiwa hakipo, kila hali isizidi maneno 80, niyaweke kwenye seva ya majaribio kabla ya mtu yeyote kugusa ramani.