Dalali anashindilia mchaichai wangu kwa miguu, halafu mjini unauzwa kwa gramu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nalima mchaichai Chanika, nusu eka. Aliyewahi kuukata anajua jani lake linavyochana mikono. Naukausha kivulini juu ya kichanja, maana ukiuanika juani harufu inakwisha na jani linageuka rangi ya makuti. Kilo nne mpaka tano mbichi zinanipa kilo moja kavu.

Jumamosi kaja dalali na magunia yake. Kijana wake akaingia ndani ya gunia na ndala zake, akakanyaga, wakajaza, akakanyaga tena, juu wakashonea kilemba kwa kamba. Kitu cha watu kunywa! Bei yake 15,000 kwa gunia. Nikasema tupime. Akanijibu, "Mama, majani hayapimwi."

Nilimpa mawili kwa sababu marejesho ya vikoba yalikuwa yananisubiri. Alipoondoka nikaazima mzani, nikashindilia gunia kama lake, nikapima. Kilo 18.

Juzi nimekwenda Kariakoo. Mchaichai mkavu dukani, pakiti ya gramu 50 ni 2,000. Kilo 18 zinatoa pakiti 360, yaani 720,000! Najua kuna usafiri, vifungashio, kodi ya fremu, na kila mmoja ale kwa jasho lake. Lakini iweje majani hayapimwi yakiwa kwangu, yakifika mjini yapimwe mpaka gramu?

Na msinijibu niende kwa watu wa vipimo na habari ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kwa viazi na vitunguu inasaidia. Gunia langu hata wakilikanyaga wawili halifiki nusu ya hapo, linapita kizuizi chochote bila kuguswa. Sisi wa majani makavu nani alitufikiria?

Mwaka 2020, wakati wa korona, watu wakijifukiza nyungu za mchaichai, hawahawa walikuwa wanagonga milango yetu usiku, pesa mkononi, wanang'oa hadi mashina. Mashamba waliyoyamaliza siku zile tumeyapanda upya kwa mikono yetu.

Yamebaki magunia sita, sitaki mtu ayakanyage. Kama kuna anayejua mnunuzi Dar anayenunua kwa mzani, aandike hapahapa kila mtu aone. Vuli inakaribia, na jani likipata unyevu linaota ukungu ndani ya wiki.