Naomba ushauri: wasifu wa baba yetu, askari mstaafu wa zimamoto

Ndugu zangu, baba yetu mzazi, aliyestaafu kazi ya zimamoto jijini Dar es Salaam, ametangulia mbele za haki, na familia imenikabidhi mimi, kifungua mimba, kuandika wasifu utakaosomwa siku ya arobaini.

Alianza kazi kikosi kikiwa bado chini ya jiji, kabla ya sheria ya mwaka 2007 kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hilo nitaliandika bila taabu. Ninapokwama ni hapa: nyumbani hakusimulia moto hata mmoja. Tulichokijua ni harufu ya moshi kwenye kola, buti zilizoanikwa kibarazani, na mazoea yake ya kuamka usiku kuukagua mtungi wa gesi kisha kupita vitandani akituhesabu. Wajukuu aliwafundisha namba 114, ya kuwaita zimamoto, kabla hawajajua kuandika majina yao.

Mama anataka hayo yatangulie. Baba mdogo anasisitiza tuanze na utumishi, eti wasifu si hadithi, nami moyoni niko upande wa mama. Mliowahi kuandika wasifu wa namna hii, mlianzia wapi? Na wenzake wa zamu, niwaombe waniandikie au wasimame waseme wenyewe?