Kujifunza baiskeli ukubwani, Utrecht

Wapendwa, habari za Jumapili. Nimetoka Tanga, huu ni mwezi wa tano niko Utrecht, Uholanzi. Kazini ni kilomita nne na wenzangu wote wanakwenda kwa baiskeli. Mimi sijawahi kuipanda. Nyumbani ilikuwa ya kaka zangu. Nina miaka 38. Kuna aliyejifunza ukubwani? Naombeni mwongozo.

—

Mdogo wangu, karibu. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 41, na leo hata mvua hainizuii.

Pedeli ziache kwanza. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikae chini, halafu jisukume kwa miguu kwenye uwanja wa shule siku ya mapumziko. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili. Macho yatazame mbele, ukitazama tairi unaanguka. Siku utakayoweza kuinua miguu na baiskeli ikaenda yenyewe bila kuyumba, pedeli hazitakusumbua.

Baiskeli nyingi za mitumba huku hazina breki za mkono. Unakanyaga pedeli kinyumenyume ndipo inasimama. Lizoee hilo kabla hujaingia njiani.

Huku ni mkono wa kulia, na sisi tumekulia kushoto. Mimi taabu niliipata kwenye kukata kona, kwani kichwa kiligeukia upande wa nyumbani. Nilikuwa najisemea kwa sauti, "kulia, kulia." Ukiona pembetatu nyeupe zimechorwa chini na ncha zinakuelekea, mpishe mwenzio. Pasipo na alama wala taa, anayetokea kuliani kwako ndiye anayetangulia. Nyoosha mkono kabla ya kukata kona. Reli za tramu zivuke kwa kuzikata, usizifuate sambamba, tairi litanasa.

Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni: taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, ni sheria.

Nunua dukani, upewe risiti. Ya yuro 20 anayokuuzia mtu darajani ni ya wizi, na wewe utahesabiwa una kosa. Funga kwa kufuli mbili, mnyororo uuzungushe kwenye kitu kilichochimbiwa. Pale stesheni kuu kuna maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya jengo, na saa 24 za kwanza ni bure.

—

Shikamooni dada zangu. Naongezea kutoka Rotterdam: mwenye buibui au gauni refu atafute baiskeli yenye kinga pembeni mwa tairi la nyuma na mnyororo uliofunikwa wote. Nguo ikiingia kwenye spoki unaanguka vibaya. Ulizia pia kituo cha mtaa wako. Sehemu nyingi wana masomo ya baiskeli kwa wanawake wahamiaji.

—

Marahaba. Mdogo wangu wa Tanga, Jumapili ijayo niko nyumbani. Niandikie mtaa ulipo, nije nikushikie siti.