Nimefuta faili kubwa lakini diski bado imejaa 100%. Nikiwasha seva upya usiku, nafasi itarudi?

Mizani_Njoro (mwenye uzi), saa 1:12 usiku

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka. Nasimamia seva ya ushirika wa maziwa upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru. Ni kompyuta ya mezani tu, Ubuntu 18.04 (toleo la Linux), diski ya SSD ya GB 120, iko chini ya meza ya mhasibu. Kilo za kila mkulima hupimwa alfajiri, karani anaziingiza, na malipo ya mwisho wa mwezi yanatoka humo humo.

Leo saa nne asubuhi karani alinipigia kwamba mfumo haukubali kuhifadhi. Kufika, nakuta "No space left on device", na `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inasema 100%. Nikatafuta ni nini kimekula nafasi, nikapata faili moja ya GB 38, nikaifuta. Nikapiga `df -h` tena. Bado 100%. Hizo GB 38 zimeenda wapi?

Nimepanga saa nane usiku, wakati hakuna anayetumia mfumo, nizime seva na kuiwasha upya. Mwenyekiti nimeshamjulisha. Swali langu ni moja tu: nafasi itarudi?

FundiKondele, saa 1:19

Itarudi. Ukifuta faili ambayo programu bado imeishika, Linux inaondoa jina tu. Data yenyewe inabaki kwenye diski mpaka programu iachilie. Ndiyo maana `du` (hujumlisha faili zenye majina) na `df` (huhesabu diski nzima) zinatofautiana. Piga `sudo lsof +L1` uone ni nani ameishika, kisha uwashe upya programu hiyo peke yake. Hakuna haja ya kuzima seva nzima.

Chavakali_Juu, saa 1:26

Mimi yangu ilikuwa kinyume kabisa. Seva ya shule, `df -h` inasema 60% tu, lakini hata kuunda faili tupu inakataa. Nilihangaika siku mbili. Kumbe zilizokwisha ni inodi (rekodi za faili kwenye diski, kila faili hutumia moja), wala si gigabaiti! Piga `df -i` utaona. PHP, lugha ya mfumo wa shule, ilikuwa imeacha kifaili kila mara mwanafunzi alipoingia tangu mfumo uwekwe, mamilioni. Na kuvifuta ilikuwa kazi nyingine: `rm *` inalalamika kwamba orodha ni ndefu mno, mpaka nikatumia `find` na `-delete`, ikasaga usiku kucha. Mwalimu mkuu alidhani nimeiba mtihani, vile nilikuwa nalala ofisini.

Mzee_wa_Uasin, saa 1:31

Kijana wangu, Ubuntu 18.04 muda wake wa kawaida wa matengenezo uliisha 2023. Jasho la wakulima liko kwenye mashine isiyopata viraka vya usalama, chini ya meza, karibu na miguu ya watu. Hilo ndilo la kuulizia kwanza.

Mizani_Njoro, saa 1:36

Mzee wangu, shikamoo. Nimeandika barua mbili kwa kamati kuomba mashine mpya. Jibu ni kwamba pesa imeenda kwenye mtambo wa kupoza maziwa. Siyo kwamba sijui. Lakini usiku wa leo naomba tubaki kwenye nafasi ya diski.

Dada_Milimani_KSM, saa 1:38

Ndugu, hiyo faili ya GB 38 inaitwaje, na ilikuwa kwenye folda gani?

Mizani_Njoro, saa 1:44

Ni faili tu ya mfumo iliyokuwa imevimba, dada. Si ya mtumiaji yeyote. Nimeshahakikisha: ukifungua mfumo, majina ya wakulima yako pale, kilo za jana ziko pale. Hakuna kilichoharibika. Ni nafasi tu.

Bungoma_Mtandaoni, saa 1:47

Huku kwetu mgeni aliyefukuzwa akakataa kuondoka huwa tunamnyima chai. Inyime hiyo programu umeme, itaachilia tu.

Dada_Milimani_KSM, saa 1:49

Tafadhali msimwambie azime kitu bado. Ndugu, sikuuliza kama mfumo unafunguka. Piga `sudo lsof +L1` utuwekee hapa jina la faili.

Mizani_Njoro, saa 2:03

Naandika kwa simu kwa sababu laptopu iko nyumbani. Inasema mysqld (programu ya hifadhidata yetu, MySQL), PID (namba yake) 1187, NLINK (majina yaliyobaki) 0, ukubwa 40802189312, na faili ni `/var/lib/mysql/ibdata1`.

Dada_Milimani_KSM, saa 2:05

USIWASHE UPYA. Usizime seva, usiguse MySQL, na mtu yeyote asikanyage waya wa hiyo kompyuta.

Hiyo uliyofuta ndiyo nyumba ya hifadhidata yenyewe. Ubuntu 18.04 ilikuja na MySQL 5.7, na kama aliyeiweka alizima `innodb_file_per_table` (mpangilio wa kila jedwali kuwa na faili lake), basi kila jedwali liko ndani ya ibdata1: wakulima, kilo, malipo. Majina unayaona kwa sababu mysqld bado ameishika faili mkononi. Akiachilia tu, data ya ushirika wenu itakuwa imekwenda.

FundiKondele, saa 2:08

Nafuta ushauri wangu wa saa 1:19. Nilimwambia awashe programu upya bila kuuliza ni faili gani. Mizani, usiufuate.

Mizani_Njoro, saa 2:15

Ngojeni kwanza. Nilisoma mahali kwamba ibdata1 hujitengeneza yenyewe MySQL ikiwaka. Na haikuwa inapungua hata tulipofuta picha za zamani za vitambulisho, kwa hivyo niliona ni takataka. Tena bakapu ninayo: skripti ya `cron` inafanya kazi kila usiku na kuweka kwenye `/home/bakapu`. Kwa hivyo hata ikitokea lolote, nitarudisha ya jana. Bado naona saa nane ni sawa.

Dada_Milimani_KSM, saa 2:18

Inaweza kujitengeneza, ndiyo, lakini ikiwa tupu. Na kutopungua ndiyo tabia yake: ukifuta data, nafasi inabaki ndani yake ikingojea data mpya, hairudi kwa diski.

Bakapu, piga `ls -l /home/bakapu | tail` utuambie ukubwa wa kila faili.

Mizani_Njoro, saa 2:24

Zote za mwezi huu zina baiti 20.

FundiKondele, saa 2:26

Jameni. Baiti 20 ni gzip, programu ya kubana faili, iliyofunga hewa. mysqldump, inayonakili hifadhidata, ilishindwa, haikutoa kitu, gzip ikakifunga hicho si kitu vizuri kabisa. Neno la siri la MySQL lilibadilishwa?

Mizani_Njoro, saa 2:31

Nilibadilisha mimi, baada ya karani mmoja kuacha kazi. Kwenye skripti sikubadilisha.

Kisiki_Kericho, saa 2:34

Sasa naomba niseme ninachofikiri. Hii hadithi imetungwa. Faili yenye data yote ifutwe saa nne asubuhi, halafu hadi saa mbili usiku mfumo unaonyesha majina kama kawaida? Halafu bakapu nazo ziwe tupu? Halafu mtu yuko mbele ya seva lakini hana laptopu? Watu wa huku hupenda kuleta mchezo wa kuigiza, tunapoteza jioni, halafu mwenyewe anacheka. Lete picha ya skrini.

Chavakali_Juu, saa 2:37

Hata mimi nilianza kushuku pale kwenye baiti 20. Imepangika sana.

Mizani_Njoro, saa 2:41

Nitaleta picha gani, jina la ushirika na wakulima vionekane? Sitaki. Wewe baki na shaka yako. Mimi mama yangu mwenyewe analeta maziwa hapa, namba yake iko humo ndani. Kama mnaona natunga, niacheni.

Dada_Milimani_KSM, saa 2:44

Kisiki, si lazima umwamini yeye, jaribu mwenyewe, dakika moja. Tengeneza faili ndogo, ifungue kwa `tail -f`, kwenye dirisha la pili ifute kwa `rm`. Kisha tafuta PID ya tail, piga `ls -l /proc/PID/fd`. Utaiona pale, imewekewa alama kuwa imefutwa, na ukiisoma kwa `cat` kupitia njia hiyo utapata maandishi yako yote. `rm` hukata jina kwenye folda. Inodi haiondoki mpaka wa mwisho aliyeishika aachilie.

Mizani, usiende. Una UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea?

Mizani_Njoro, saa 2:48

Ipo, ya dakika kama kumi na tano. Mvua imeanza huku na stima imeshapepesa mara moja.

Mzee_wa_Uasin, saa 2:50

Umesema mna mtambo wa kupoza maziwa. Mtambo kama huo hauachwi bila jenereta. Vuta waya kutoka soketi ya jenereta, chomeka UPS hapo. Amsha mlinzi akusaidie. Hayo ya 18.04 tuyaache kwa sasa.

Mizani_Njoro, saa 3:12

Tumevuta waya kupitia dirishani, mlinzi ameshika mwavuli. UPS iko kwenye jenereta. Mikono inatetemeka. Nifanye nini sasa?

Dada_Milimani_KSM, saa 3:16

Vizuri sana. Sasa taratibu.

Kwanza MySQL ipate pumzi. ext4, mpangilio wa faili wa Linux, huwekea root (msimamizi mkuu) asilimia 5 ya diski, na mysqld si root, hawezi kuigusa. Angalia jina la diski kwa `df`, kisha `sudo tune2fs -m 1 /dev/sda2`, ama jina lolote utakaloliona. Utapata GB 4 hivi bila kusimamisha kitu. Ongeza na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`, ipunguze kumbukumbu za mfumo.

Pili, `sudo systemctl stop apt-daily-upgrade.timer`. Hiyo ni ya masasisho ya moja kwa moja, huamka karibu saa kumi na mbili asubuhi, na siitaki iguse MySQL ukiwa umesinzia.

Tatu, mwambie karani alfajiri aandike kilo kwenye daftari. Asiingize kitu.

Nne, chomeka diski ya nje na utoe data yote ukiwa bado unaweza:

`sudo mysqldump --single-transaction --routines --events --all-databases | gzip > /media/nje/maziwa.sql.gz`

Usiandike kwenye diski ya seva yenyewe.

Mizani_Njoro, saa 3:58

Imekatika! Imefika GB 4 ikasema "File too large". Diski ya nje ina nafasi ya GB 200. Nimekwisha.

FundiKondele, saa 4:00

Hujaisha. Hiyo diski ni FAT32, mpangilio wa zamani wa faili, haibebi faili moja inayofika GB 4. MySQL bado iko hai? Kama iko hai, futa hicho kipande, kisha rudia ile amri, ila mwisho wake uwe hivi:

`| gzip | split -b 2G - /media/nje/maziwa.sql.gz.`

Itajikata vipande vya GB 2, vyenye mwisho aa, ab, ac.

Kisiki_Kericho, saa 4:20

Nimejaribu ile ya tail. Ni kweli, faili nimeifuta na bado inasomeka. Mizani, samahani. Mwenyezi Mungu akusaidie na hiyo stima.

Mizani_Njoro, saa 5:37

Stima ilipotea saa nne na nusu. Jenereta imeshika. Vipande ni vitano, aa hadi ae. Nimepiga `cat` kwa vyote, nikapitisha `zcat` na `tail -1`, mstari wa mwisho unasema "Dump completed" na tarehe ya leo.

Dada_Milimani_KSM, saa 5:40

Ndugu, hongera. Bado usizime. Leta laptopu, weka MySQL 5.7 juu yake, pakia hivyo vipande, kisha piga jumla ya kilo za mwezi huu pande zote mbili, kwenye seva na kwenye laptopu. Zikilingana, hapo ndipo mysqld anaweza kuachilia.

Mizani_Njoro, saa 11:22 alfajiri

Boda alinipeleka nyumbani kwenye mvua kuchukua laptopu. Kupakia kumechukua karibu saa tatu. Jumla ya kilo imelingana hadi sehemu ya kumi. Nimeangalia pia namba ya mama. Pikipiki za kwanza za maziwa zinaingia sasa, karani ana daftari. Mwenyekiti anakuja saa moja, nitamweleza yote, pamoja na la neno la siri. Dada, FundiKondele, Mzee, asanteni. Sina la kuongeza.

Kisiki_Kericho, saa 2:05 asubuhi

Wadau, nami baada ya usiku wa jana nimeenda kuangalia seva ya kazini. `df -i` iko 99%. Nifungue uzi mpya?

Dada_Milimani_KSM, saa 2:09

Fungua. Ni faili za nini, na ziko folda gani?