Tupeane uzoefu: siku ya michezo kwa vijana wa kikundi, Dodoma

Mlezi wa Kizota
Ndugu zangu, nimekabidhiwa vijana 42 wa kanisani kwetu, wenye umri wa miaka 13 hadi 17, na shule zitakapofungwa mwezi wa sita natakiwa kuwaandalia siku ya kucheza na kufurahi. Jana nilimkuta msichana mmoja amejitenga nje ya ukumbi, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba siku ya mwaka jana ilikuwa mahubiri manne na soda moja. Waliowahi kubeba mzigo huu naomba waseme walifanya nini, na hasa ni kipi kiliwaharibikia.

Mama Nkuhungu
Hiyo soda moja imenikumbusha mbali, kwa sababu sisi tuliwapeleka Bwawa la Hombolo tukiwa na soda za kutosha na hatukubeba maji ya kunywa hata ndoo moja. Ilipofika saa sita mchana kila mtu alikuwa na kiu, na wavulana walikwisha kuvua mashati wakisubiri nigeuze kichwa tu waingie bwawani.

Mjukuu wa Mvumi
Usiwaruhusu hata siku moja, dada yangu. Maji yaliyotuama namna hiyo hukaa konokono wanaoeneza kichocho, na kijana hatakuambia kwamba anakojoa damu mpaka aone mwenyewe kuwa mambo yamemzidi. Hombolo waende kutazama na kula samaki, basi.

Binti Ihumwa
Naandika kwa sababu mmetaja kugeuza kichwa. Miaka minne iliyopita niliwapandisha vijana 31 kwenye mlima mmoja wa mawe pembezoni mwa mji, tukacheze mchezo wa kusaka hazina: karatasi zimefichwa kwenye mawe, kila karatasi ina kitendawili kinachoelekeza kwenye karatasi inayofuata. Walifurahi kupita kiasi, mpaka mmoja wao alipoingiza fimbo kwenye ufa wa jiwe akidhani hazina imo humo. Nilisikia mngurumo kama wa lori linalopanda kilima likiwa limezidiwa na mzigo, kisha nikawaona nyuki. Nami, kwa ujinga wangu, nikapiga kelele kwamba walale chini, wakati jambo sahihi lilikuwa kufunika uso na kukimbia mbali bila kusimama. Orodha ya majina na simu za wazazi ilikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba ulibaki juu ya jiwe, umefunikwa na nyuki hata rangi yake haionekani. Tuliposhuka, msichana mmoja alikuwa amevimba midomo na anapumua kwa shida, dereva wa bajaji akamkimbiza hospitali, na namshukuru Mungu alipona. Nikahesabu waliobaki, nikarudia tena, na mara zote mbili alipungua kijana mmoja. Tulimtafuta kwa saa moja na nusu, nikiwa tayari nimetunga maneno ya kumwambia mama yake. Kumbe aliteremkia upande wa pili wa mlima, na tulimkuta kibandani kwa mama mmoja anakula mihogo ya kukaanga.

Mama Nkuhungu
Mwili umenisisimka. Pole sana.

Kocha wa Chang'ombe
Ndiyo maana mimi sitoki uwanjani. Kuvuta kamba, mbio za magunia, rede, na zawadi ya mbuzi kwa timu itakayoshinda, vinatosha. Timu zichanganye wavulana na wasichana, na zipangwe kwa kura ili marafiki wasikae upande mmoja.

Ustadhi wa Chamwino
Kwetu madrasa hatuchanganyi, tunawapa zamu, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani amenuna.

Kocha wa Chang'ombe
Hujawauliza, Ustadhi.

Ustadhi wa Chamwino
Nimewauliza, nao wakalalamikia kamba yako iliyokatika mwaka jana, maana waliiazima.

Mjukuu wa Mvumi
Mkimaliza ugomvi wa kamba, nashauri mfikirie michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Vijana wetu wengi hawajawahi kuiona.

Mama Nkuhungu
Kutoka mjini hadi Kolo na kurudi ni siku nzima ya kukaa ndani ya basi, na mchango wake mzazi mwenye watoto watatu hauwezi. Sisi mwaka uliofuata tulimwalika bibi mmoja wa Kigogo awafundishe muheme. Wavulana walinuna walipoambiwa kwamba ngoma hiyo hupigwa na wanawake, kisha wakakaa mpaka jua linazama wakiomba japo kuigusa.

Mlezi wa Kizota
Nawashukuru nyote. Nitamwita yule msichana na wenzake wawili wachague michezo wenyewe, maji yatakuwa ndoo nne, na orodha ya simu nitaishika mkononi. Ila Binti Ihumwa, hukutuambia: kijana yule alikuwa na fedha za mihogo?

Binti Ihumwa
Hakuwa na hata senti. Nililipa mimi shilingi elfu moja na mia tano, pamoja na chai aliyokuwa ameshaagiza.