Vidonda vya utumbo mpana: ale nini ugonjwa ukiamka, na ale nini ukilala?

Mnzuguni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoufahamu huu ugonjwa kwa undani. Mgonjwa ni shemeji, miaka 34, kilo 52, tupo naye hapa Nzuguni, Dodoma. Kipimo cha kamera kilionyesha vidonda vya utumbo mpana, vimeanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda upande wa kushoto. Alikuwa kwenye salfasalazini (vidonge vya kutuliza uvimbe wa utumbo), na sasa ameongezewa prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) kwa sababu ugonjwa umeamka: choo mara 4 hadi 5 kwa siku, chepesi, kina kamasi na damu kidogo. Homa hana.

Dawa amepewa, ila kwenye chakula ameambiwa tu aepuke "vyakula vikali". Nyumbani kila mtu na lake. Mmoja anasema ugali wa mtama auache maisha yake yote, mwingine aishi kwa uji mweupe na ndizi, mwingine anampa mlenda kila mlo kwa kuwa unateleza. Ameshapungua kilo 4. Nataka kujua apikiwe nini hasa, kiasi gani, na lini aruhusiwe kurudi kwenye chakula cha familia.

Mlishaji_Kati

Shemeji yako anahitaji jiko la namna mbili, na kosa la nyumba nyingi ni kumpikia la namna moja mwaka mzima. Ugonjwa ukiwa umeamka, ukuta wa utumbo umevimba na una vidonda, kwa hiyo unampa chakula kisicho na makapi mengi. Ukishalala, makapi yanarudi polepole, kwa sababu nyuzinyuzi ndizo chakula cha bakteria wazuri wa utumbo mpana, na wao hutengeneza asidi ambazo ukuta wa utumbo huo unazitumia kama nishati. Anayeishi kwa uji mweupe na ndizi miezi sita anapata nafuu wiki ya kwanza, kisha anaishiwa nyama mwilini, damu inapungua, na ugonjwa ukiamka tena hana akiba.

Kwa kuwa anapungua kilo, cha kuangalia sana kwa sasa ni protini. Ugonjwa ukiwa umeamka mtu mzima anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 52 ni kama gramu 62 hadi 78. Iweke kwenye sahani hivi: mayai 2 ya kuchemsha (gramu 12), perege wa Mtera asiye na miiba, kipande cha gramu 100 kilichopikwa (gramu 20 na ushee), kidari cha kuku kiasi hichohicho (gramu 25 au zaidi), na glasi ya maziwa mgando (gramu 8). Hapo umefika. Uji peke yake haufiki hata ukinywewa ndoo.

Milo iwe midogo, 5 au 6 kwa siku, kila baada ya saa mbili na nusu au tatu. Tumbo likijazwa kwa mkupuo, utumbo mpana unasukumwa kwa nguvu na anakimbilia chooni kabla hajanawa mikono.

Vya kuweka pembeni kwa sasa: dona, mahindi ya kuchoma, bisi, karanga nzima, maharage na maganda yake, kabichi, vikonyo vya mchicha, pilipili, chipsi na vitumbua vinavyochuruzika mafuta, soda, kahawa nyingi, na pombe yoyote. Maziwa fresh mwachishe wiki 2 uone. Watu wazima wengi wa kwetu hawamalizi kumeng'enya sukari ya maziwa, na kuharisha kwake kunafanana na kuharisha kwa ugonjwa. Mgando una sukari hiyo kidogo zaidi, kwa hiyo wengi wanauvumilia.

JikoLaWagogo

Naongezea upande wa sufuria, maana hapo ndipo panapoharibikia.

Mtama hana haja ya kuuacha maisha yake yote. Tatizo ni pumba. Nunua mtama mweupe, ukakobolewe mashineni ndipo usagwe, kisha uupitishe kwenye chekeche lenye matundu madogo. Yale makapi yanayobaki juu wape kuku. Mtama mwekundu ule mchungu uachane nao kabisa kwa mgonjwa: una tanini, na tanini zinashika protini isimeng'enywe vizuri. Uwele nao ni hivyohivyo, ukobolewe kwanza.

Uji wa mgonjwa mmoja: vijiko 4 vya chakula vya unga huo, vikorogwe kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe 2 vya maji, mimina mchanganyiko huku unakoroga, punguza moto, uive dakika 20 kamili. Uji wa dakika 5 unaonekana umeiva kwa sababu umekuwa mzito, lakini wanga wake bado haujalainika, nao ndio unaomjaza gesi. Ukishaepua, weka kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini kabisa, zile ambazo ukizisugua kati ya vidole husikii chenga. Karanga nzima ni marufuku, ya kusaga laini haina shida. Siku nyingine badala ya karanga weka kijiko kimoja cha unga wa dagaa. Dagaa wachaguliwe mchanga, wakaangwe bila mafuta, wasagwe na kuchekechwa. Hiyo ni protini na kalisi kwa pamoja, na anayemeza prednisoloni anaihitaji kalisi kwa ajili ya mifupa.

Kuhusu mlenda: utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini, na hizo kwa wengi haziumizi. Kinachoumiza ni vikonyo na mchanga. Majani yakianikwa chini, upepo wa Dodoma unayajaza vumbi, na kinu hakitoi mchanga, kinausaga tu. Kwa hiyo unga wa mlenda mkavu upite kwenye chekeche mara mbili, kisha chukua kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja cha maji yanayochemka. Magadi usizidishe chembe, maana ni chumvi, na prednisoloni tayari inamfanya azuie maji mwilini. Nyanya imwagiwe maji ya moto, imenywe, mbegu zitolewe. Mlo mmoja kwa siku unatosha. Kila mlo mlenda ni kumnyima nafasi ya kula samaki.

Mnzuguni

Asanteni sana. Maswali mawili. Kuna mtu kamletea dawa ya kienyeji ya "kusafisha utumbo" yenye shubiri. Na akiumwa mgongo au kichwa hununua diklofenaki dukani. Vyote sawa?

Dozi_na_Saa

Vyote viwili hapana, mkuu, na cha pili ndicho kinachoniogopesha zaidi kwa kuwa kimezoeleka.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia kemikali zinazolinda ukuta wa utumbo, na zinaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Akiumwa kichwa atumie parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, tena kwa uzito wake na alivyokonda ni busara abaki chini ya hapo. Aseme "nina vidonda vya utumbo mpana" kila anapoingia duka la dawa, kwa sababu dawa ya "maumivu" ya kuchanganya mara nyingi ina mojawapo ya hizo ndani.

Shubiri inaharisha. Kumpa mtu anayeharisha damu dawa ya kuharisha ni kumpotezea maji na chumvi alizobakiwa nazo. Dawa za kufunga tumbo kama loperamaidi nazo asimeze ugonjwa ukiwa umeamka bila daktari kujua: utumbo uliovimba ukilazimishwa kusimama unaweza kutanuka na kupasuka.

Kuna jambo lisirukwe. Huku kwetu amiba, kichocho cha tumbo na kifua kikuu cha utumbo vinaweza kujifanya ugonjwa huu, na pia vinaweza kumpanda mtu ambaye kweli anao. Prednisoloni inashusha kinga, kwa hiyo amiba iliyojificha inaweza kugeuka kuwa balaa. Kama kabla ya kuanza prednisoloni hakupimwa choo, mrudini kwa daktari mkaulize wiki hii, na kipimo kifanywe kwa choo kipya, kifike maabara ndani ya nusu saa hivi. Choo kilichokaa kwenye kopo asubuhi nzima na joto hili, amiba hai hawaonekani tena.

Prednisoloni imezwe asubuhi baada ya kula, maana ya jioni inakatisha usingizi, na isikatwe ghafla hata kama damu imekoma siku ya tano. Inapunguzwa hatua kwa hatua kama ilivyoandikwa. Salfasalazini imezwe na chakula. Mkojo ukiwa wa rangi ya machungwa msishtuke, ni dawa. Inapunguza ufyonzaji wa foleti (vitamini ya kutengeneza damu), kwa hiyo ulizeni kuhusu vidonge vyake, foliki asidi. Na huu ndio mtego mkubwa: salfasalazini inaendelea hata ugonjwa ukiwa umelala. Chakula kinapunguza usumbufu, hakizimi uvimbe. Wengi wanaorudi hospitali wakiwa hoi waliacha vidonge kwa sababu "mlo umenisaidia".

Mkimbizeni siku hiyohiyo akifikisha choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku pamoja na homa, au mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika akiwa ametulia, au tumbo likivimba na kuwa gumu. Hapo hakuna mjadala wa uji.

Safari_Salama

Mimi naweka ya kila siku, ambayo watu huona ni madogo.

Asubuhi chai ikifika tumboni utumbo mpana unaamka wenyewe, kila binadamu yuko hivyo, ila kwake inakuja kwa kasi. Kwa hiyo aamke saa nzima mapema, ale, asubiri dakika 30 hadi 45 karibu na choo, ndipo atoke. Anayetoka bila kula ili "asisumbuliwe njiani" anahamishia shida saa nne akiwa ndani ya daladala.

Baada ya kila choo chepesi anywe mililita 200 hadi 400 za maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Angalieni maji yenyewe. Baadhi ya visima vya Dodoma vina chumvi, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Maji ya mvua yaliyochemshwa au ya chupa ndiyo ya kuchanganyia. Mkojo ukiwa mchache mchana, hajanywa vya kutosha; rangi pekee isiwadanganye, kwa kuwa salfasalazini huibadilisha.

Kujisafisha: maji ya uvuguvugu, kukausha kwa kugusagusa na kitambaa laini bila kusugua, kisha mafuta ya mgando au krimu ya zinki. Ngozi ikichubuka anaanza kuogopa kwenda chooni, na akiogopa chooni anaogopa kula.

Kwenda Dar, treni ya SGR ina choo ndani ya behewa. Kwa basi, ale chepesi saa 3 kabla, kiti cha mbele, na amweleze kondakta mapema kabla hajabanwa. Mfukoni: nguo ya ndani ya akiba, kanga, chupa ya maji, pakiti 2 za chumvichumvi.

JikoLaWagogo

Kuhusu kurudi kwenye chakula cha familia: akishakaa wiki 2 choo kimeshikana na hakina damu, anza. Kitu kimoja kipya kwa siku 3, vijiko 2 vya chakula siku ya kwanza, robo kikombe ya pili, nusu kikombe ya tatu. Papai bivu na parachichi kwanza, kisha karoti na boga, kisha mchicha majani matupu. Halafu choroko zilizokobolewa, ziloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, zichemshwe mpaka zipondeke kwa mwiko. Mtama wenye pumba kidogo uje mwishoni.

Daftari liwe na saa, alichokula, choo mara ngapi, damu ipo au haipo, maumivu 0 hadi 10. Gesi na kunguruma peke yake si ugonjwa kuamka, asiogope. Damu, au choo kumwamsha usiku wa manane, ndiyo ishara. Kitu kikimkataa, mpumzishe wiki 3 au 4 ujaribu tena, maana kilichomkataa Machi huweza kukubalika Juni.

Mnzuguni

Na zabibu? Msimu ukifika humu ndani zinajaa kila kona, hatamudu kuzikataa.

Mlishaji_Kati

Kwa sasa asile. Ugonjwa ukilala, punje 8 hadi 10 kwa mara moja, zimenywe na mbegu zitolewe, baada ya mlo na si tumbo likiwa tupu. Juisi yake ndiyo ya kuogopa zaidi kuliko tunda: glasi moja inabeba sukari ya punje nyingi mno, na sukari hiyo ikifika chini inavuta maji ndani ya utumbo. Akiitamani, nusu glasi iongezwe nusu ya maji, anywe kidogokidogo.

Na kama mnamjua mgonjwa mwingine mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe mwingine wa kudumu wa utumbo), msimpe ratiba hii bila kuuliza. Ule unaweza kushika utumbo mwembamba na kuacha sehemu iliyobana. Kwake maganda ya zabibu, nyama za machungwa na mahindi ya kuchoma hata siku za afya yanaweza kuziba njia. Tumbo likinyonga kwa mawimbi, linavimba, anatapika na hatoi hata upepo, huyo ni wa hospitali usiku uleule.