Mnatuuzia mita za pH zilizokufia rafuni, kisha mnasema hatujui kuzitumia

Wadau, mtanisamehe kwa uzi mrefu, lakini leo sinyamazi. Hasira ni hasara, najua, ila hasara nimeshaila tayari, nimebaki na hasira peke yake.

Niko Nakuru, upande wa Kiamunyi. Nalima letasi kwa hidroponiki, yaani kwenye maji bila udongo: mabomba ya PVC, mashimo 480, tangi la lita 500, pampu moja na neti ya kivuli juu. Si shamba la kujivunia, lakini ndilo linalolipa karo. Kwa miezi 14 nimenunua mita tatu za pH. Tatu! Simu yangu ina miaka mitano, imeshawahi kutumbukia kwenye ndoo ya mbolea, na ndiyo ninayoandikia hapa.

Kwa ambao hawalimi hivi: pH ni kipimo cha asidi ya maji, namba ikishuka asidi inazidi, na letasi inataka maji yenye pH kati ya 5.5 na 6.5. Maji ya kisima changu hutoka yakiwa 8 hivi, yamejaa baikaboneti, chumvi inayopingana na asidi. Haishangazi, sisi ni majirani wa ziwa la magadi, na floridi ya maji ya huku ndiyo iliyowapaka wengi wetu meno rangi ya chai. Basi kila ninapojaza tangi lazima niyashushe kwa asidi ya fosforiki. Bila mita ninabahatisha. Nikiwa na mita inayosema uongo, hata kubahatisha ni afadhali.

Sasa mita ya kwanza. Nilinunua hapa mjini, mita ya umbo la kalamu, shilingi 2,800. Kijana wa duka akaitoa kwenye boksi na kufungua kofia. Kofia ilikuwa kavu. Kile kisponji cha ndani kilikuwa kigumu kama mkate wa juzi. Wakati huo sikujua maana yake. Akaichovya kwenye kikombe cha bafa ya 6.86, yaani maji ya kujaribia mita ambayo pH yake inajulikana, ikasoma 7.3. Akatoa bisibisi ndogo ya njano, akazungusha skrubu ya nyuma polepole, ulimi nje kidogo kama fundi wa saa, mpaka ikasoma 6.86. "Umeona, mzee? Imekaa sawa." Nikaona. Nikalipa.

Jamani! Hata saa iliyosimama, ukiisogeza mshale mpaka saa sita itakuonyesha saa sita. Ile skrubu husogeza namba tu. Haiamshi elektrodi, ile ncha inayohisi maji, ikishakufa. Mita ya pH hupimwa kwa bafa mbili. Unasawazisha kwa 6.86, unasuuza, unachovya kwenye ile ya 4.01 na kuangalia kama inafika huko yenyewe. Mimi nilikuja kufanya hivyo wiki sita baadaye, nikiwa nimeshachelewa. Ndani ya bafa ya 4.01 kalamu yangu ilishuka mpaka 5.4, ikasimama hapo kama punda aliyegoma.

Pigeni hesabu nami. Kutoka 6.86 hadi 4.01 ni hatua 2.85. Kalamu iliona 1.46. Yaani ilikuwa inaona nusu ya safari. Elektrodi nzima hutoa takriban milivolti 59 kwa kila pH moja maji yakiwa nyuzi 25. Ikishuka chini ya asilimia 85 hivi ya hapo, ni ya kutupa. Yangu ilikuwa asilimia 51. Kwa hiyo kila nilipotia asidi nikingoja isome 5.8, tangi lenyewe lilikuwa limeshafika karibu 4.8. Na maji yenye baikaboneti yana tabia yake: unatia asidi, hayashuki, unatia tena, hayashuki, kisha baikaboneti ikiisha yanaporomoka ghafla. Mimi nilikuwa naporomoka nayo nikishangilia kwamba "imefika".

Wiki ya pili kingo za majani zilianza kuungua na mimea ikadumaa. Nikang'oa mmoja. Mizizi, ambayo hutakiwa kuwa myeupe kama nyuzi za pamba, ilikuwa kahawia na yenye utelezi kama bamia. Nilidhani ni mbolea, nikabadilisha mbolea. Nilidhani ni pampu, nikanunua pampu. Mpishi wa hoteli niliyokuwa nikiipelekea alinipigia mara mbili, ya tatu hakupiga.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Mwalimu, anayefundisha kemia. Alikuja kuchukua mayai akanikuta nimekaa kwenye ndoo nimeshika kichwa. Akarudi kwake akaleta kijitabu cha karatasi za kubadilika rangi. Karatasi moja, sekunde chache, ikageuka rangi ya chungwa, yaani asidi imezidi. Kalamu ya shilingi 2,800 imesema 5.8, karatasi ambayo ukiidondosha huinami kuiokota imesema ukweli.

Nikarudi dukani. Mnajua walichoniambia? "Uliiangusha." Sikuiangusha. "Basi uliiacha kavu." NINYI ndio mliiacha kavu! Ile balbu ya kioo iliyo nchani lazima iwe na unyevu wakati wote. Ikikauka inapoteza ule utando wa maji unaoiwezesha kuhisi asidi. Kofia inatakiwa ije na matone ya potasiamu kloridi au sponji iliyolowa. (Ukikuta chumvi nyeupe imeganda kwenye kofia usiogope, ni hiyo kloridi imevuja, suuza tu.) Yangu ilikauka rafuni, sijui kwa muda gani. Nililoweka usiku kucha kama nilivyoshauriwa, ikapanda kutoka asilimia 51 hadi kama 70, ikakwama. Kijana akanionyesha chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mita ya pili sitaieleza sana, nitapandisha presha bure. Niliagiza mtandaoni, ikaja na matatu kutoka Nairobi, na hii ilikuja na kofia iliyolowa. Nikafurahi. Nikamuuliza muuzaji kwa simu, naihifadhi vipi? Akanijibu bila kusita: "Weka kwenye maji ya betri, yale safi ya petroli stesheni." Nikatii kama mtoto wa shule. Miezi mitatu, kwisha. Maji hayo ya betri yamekenekwa, yaani ni mvuke uliokusanywa ukarudi kuwa maji, ni safi mno, hayana chumvi yoyote, kwa hiyo yananyonya chumvi iliyo ndani ya elektrodi kidogo kidogo kila siku. Maji ya betri ni ya kuyeyushia unga wa bafa na ya kusuuzia. Si ya kulalia! Huyo bwana anauza mita za pH kila siku na hajui hilo. Au anajua, na mteja anayerudi baada ya miezi mitatu si mteja mbaya.

Tufike kwa ile ya tatu, ndiyo iliyonileta hapa leo. Nikajisemea, bei rahisi imeniponza, sasa ninunue kitu cha maana. Shilingi 14,500, elektrodi inatoka na kuwekwa nyingine. Nilimuuliza muuzaji, duka lingine, mara tatu: spea zipo? "Zipo, bosi, muda wowote." Miezi tisa imefanya kazi vizuri, sitaisingizia. Sasa imechoka. Ukiichovya inachukua dakika tatu kutulia, na kwenye bafa mbili inanipa asilimia 82. Silalamiki kwamba imechoka. Elektrodi ikitunzwa vizuri huishi mwaka mmoja, miwili, kisha huisha, ni kama tairi ya boda. Ninacholalamikia ni jibu nililopewa jana: "Elektrodi za hiyo modeli hatuleti tena, bosi, chukua mita mpya, nitakufanyia bei."

Nani ananunua pikipiki mpya kwa sababu ya tairi?

Na nimegundua ujanja wenyewe. Soketi ya hii kalamu ni ya kwao peke yao, elektrodi ya kampuni nyingine haiingii. Zipo mita zenye soketi ya BNC, ile ya kusukuma na kuzungusha kama ya kamera za ulinzi, na hizo zinakubali elektrodi za pH za kampuni nyingi. Hakuna aliyeniambia. Ningeongeza elfu chache siku ile nikapumzika.

Makosa yangu nayakubali, msije mkanisulubu huko chini. Nimewahi kupangusa balbu kwa pindo la shati. Haipanguswi, inasuuzwa na kuguswaguswa kwa tishu laini. Nimewahi kurudisha bafa iliyotumika ndani ya chupa yake nikiona ni kuokoa pesa. Na ile ya kwanza niliiacha siku nzima juu ya tangi, juani. Lakini niambieni, haya ningeyajulia wapi? Kijikaratasi cha ndani ya boksi kilikuwa Kichina upande mmoja, na upande wa pili herufi ndogo kiasi cha kuazima miwani.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mlaji ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na ana haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichonunua. Ana haki ya fidia pia kwa hasara iliyotokana na kasoro ya bidhaa. Kuna Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 juu yake. Sasa ile sentensi ya chini ya risiti imekuwa kubwa kuliko Katiba lini? Nimeandika malalamiko, nimeambatisha risiti zote tatu na picha za mizizi, napeleka Jumatatu.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Naona majibu yamekuwa mengi. Aliyesema niachane na mita nitumie karatasi: karatasi imeniokoa, naiheshimu, ila haikutenganishii 5.6 na 6.1, hasa maji yakiwa na rangi ya mbolea. Ninazo zote mbili siku hizi, moja inamchunga mwenzake.

Ndugu wa Kisumu aliyeuliza kuhusu maji ya kuhifadhia: ni potasiamu kloridi ya molari 3, gramu 22.4 ndani ya maji yaliyokenekwa, ujazo ufike mililita 100. Nunua ile safi ya maabara, si mbolea ya potashi ya agroveti, ina uchafu. Ukikosa kabisa, bafa ya 4.01 itakuvusha siku mbili tatu. Na elektrodi ikishika chokaa, iloweke kwenye siki nusu saa, suuza, kisha irudishe kwenye kloridi usiku kucha kabla hujaihukumu.

Mama wa Njoro mwenye stroberi, ndiyo, ile bafa ya 9.18 huharibika haraka kuliko zote kwa sababu inavuta hewa ya kaboni. Sisi tunaolima kwenye 6 hatuihitaji sana. Tumia ya 4.01 na 6.86.

Na wewe uliyeandika "mzee nunua kwetu, zetu ni orijino, ingia inbox": nitakuja dukani Jumamosi na chupa zangu mbili za bafa. Utafungua kofia mbele yangu, tutaona kama imelowa. Utachovya ya kwanza, utazungusha skrubu utakavyo. Halafu ya pili nitachovya mimi.

Kuna yeyote anayejua duka la Nakuru, Eldoret au Kisumu linalouza elektrodi ya BNC peke yake, ikiwa kwenye rafu sasa hivi na si ya kuagiza? Andikeni bei hapa hapa hadharani.